Kuainisha spishi mpya za vijiumbe wapenda chumvi ukiwa Mwanza: mwongozo kamili, kutoka sampuli hadi jina

Ziwa Victoria ni ziwa la maji baridi. Upitishaji umeme wa maji yake ni kama mikrosimensi 100 tu kwa sentimita, na kiumbe anayehitaji chumvi nyingi akitiwa humo hupasuka papo hapo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mwanza akisema anataka kusoma vijiumbe wapenda chumvi, wengi humwambia ahamie Arusha au Pwani. Mimi sikubaliani nao. Nenda Mwaloni, Kirumba, upande wanakouza kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akakolezwa chumvi na kuanikwa. Ukipekua marundo hayo, mara kwa mara utakuta kipande chenye madoa mekundu au ya waridi. Madoa hayo ni viumbe hai. Mwaka 1922, Harrison na Kennedy walieleza wekundu wa namna hiyohiyo kwenye samaki aina ya chewa waliotiwa chumvi huko Kanada, na jamii ya vijiumbe waliyoieleza ndiyo leo tunaiita Halobacterium. Streni ya kielelezo (ukoo hai ambao jina la spishi limefungwa nao) ya Halobacterium salinarum, ambayo kila mtafiti duniani huilinganisha na yake, ilitoka kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotiwa chumvi. Samaki na ngozi: bidhaa mbili ambazo Kanda ya Ziwa haijawahi kupungukiwa.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa shahada ya pili, fundi wa maabara au mwalimu wa chuo mwenye otoklevu, inkubeta na hadubini nzuri, na anayeweza kutuma DNA mahali pengine ikasomwe. Jambo moja nitalisisitiza tangu mwanzo hadi mwisho: spishi mpya haijulikani kwa kuitazama. Inajulikana kwa kuilinganisha na jamaa zake wa karibu, walioota pamoja nayo, kwenye midia (chakula cha kuoteshea) ileile, katika joto lilelile. Anayeruka mlinganisho huo huishia na picha nzuri za makoloni mekundu ambazo hazithibitishi lolote.

Kwanza ujue unatafuta nani

Wataalamu huwagawa wapenda chumvi kulingana na kiasi cha chumvi ambacho kiumbe hukua vizuri zaidi ndani yake. Wa wastani hupendelea molari 0.5 hadi 2.5 ya chumvi ya kawaida, na wa kupita kiasi hupendelea molari 2.5 hadi 5.2. Molari 2.5 ni kama gramu 146 kwa lita, na 5.2 ni zaidi ya gramu 300, karibu na kikomo ambapo chumvi haiyeyuki tena.

Kundi la kupita kiasi limetawaliwa na arkea wa darasa la Halobacteria. Usidanganywe na jina, kwa maana hawa si bakteria. Jina limetokana na Halobacterium, lililotolewa kabla ya mwaka 1977, ambapo Carl Woese na George Fox walionyesha kwamba arkea ni tawi lao peke yao. Arkea hawa hujaza potasiamu ndani ya seli ili kuhimili chumvi iliyoko nje. Kundi la wastani lina bakteria wengi, mfano Halomonas, ambao hutengeneza au hufyonza molekuli ndogo kama ektoini badala ya kujaza potasiamu.

Rangi haitoshi kuwatofautisha. Wekundu wa arkea hutokana na bakterioruberini, karotenoidi yenye kaboni 50, lakini mwani Dunaliella salina naye huweza kuwa mwekundu. Halafu yupo Salinibacter ruber, bakteria mwekundu kutoka mashamba ya chumvi ya Hispania aliyeelezwa mwaka 2002, ambaye hujaza potasiamu kama arkea na huishi nao bega kwa bega. Ukikuta kitu chekundu, andika "chekundu" kwenye daftari na usiandike zaidi ya hapo.

Mahali pa kuchukua sampuli

Ukiwa Mwanza una njia mbili, na zinatofautiana sana.

Njia ya kwanza ni bidhaa za hapa hapa: kayabo, ngozi zilizotiwa chumvi, na magunia ya chumvi ghafi. Chumvi iliyokaushwa kwa jua hubeba arkea hai ndani ya vitundu vidogo vya maji vilivyonaswa katikati ya fuwele, na wanaweza kukaa humo muda mrefu. Kwa sababu hiyo, ukichukua sampuli ya samaki mwekundu, chukua na chumvi ya gunia lilelile alilokolezewa, kisha uulize gunia limetoka wapi, Uvinza au mwambao wa Bahari ya Hindi. Bila jibu hilo hutaweza kusema kiumbe wako ni mwenyeji wa wapi.

Njia ya pili ni maziwa ya chumvi na magadi. Barabara ya Shinyanga, Nzega na Igunga inakufikisha Singida mjini, ambako Singidani na Kindai yapo kando kabisa ya mji. Eyasi liko mbele zaidi, kusini-magharibi mwa Ngorongoro. Natron, kaskazini chini ya Ol Doinyo Lengai, ndilo kali kuliko yote, na ni eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu mwaka 2001 kwa kuwa heroe wadogo huzaliana hapo. Maziwa haya yana magadi, si chumvi tu, na pH yake hupanda hadi 9 au 10 na zaidi. Viumbe wake hupenda vyote viwili. Ziwa Magadi la Kenya, pacha wa Natron, tayari limeipa sayansi majina kadhaa: Natrialba magadii, Natronobacterium gregoryi, Natronococcus occultus. Ukichukua sampuli Natron au Eyasi, hao ndio jamaa utakaowakuta wakikusubiri kwenye mti wa ukoo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: anza na kayabo na chumvi. Gharama ni ndogo, unaweza kurudi sokoni sampuli ikiharibika, na utajifunza mbinu zote kabla ya kulipia gari la kwenda Natron.

Vibali kabla ya ndoo

Hapa watu hupita haraka na baadaye hukwama. Utafiti nchini unahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukiingia eneo la hifadhi utahitaji pia idhini ya wanaolisimamia, na kwa wanyamapori TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, huhusika. Kwenye ngazi ya wilaya na kijiji nenda na barua, ujitambulishe, ueleze unachofanya. Sokoni zungumza na uongozi wa soko na mwenye mzigo. Mnunue samaki, usimwombe.

Jambo ambalo huwashtua watu mwishoni: kanuni za kimataifa za kutaja prokarioti (bakteria na arkea) zinadai streni ya kielelezo ihifadhiwe kwenye benki mbili za vijiumbe, katika nchi mbili tofauti, na iweze kutolewa kwa mtafiti yeyote bila vizuizi. Maana yake mkataba wako wa kuhamisha sampuli lazima uruhusu hilo tangu siku ya kwanza. Kibali kinachosema "sampuli zisitoke nchini" kitakuachia spishi isiyoweza kupata jina halali, hata kama kazi ya maabara imefanyika vizuri kabisa. Lizungumze mapema na chuo chako na COSTECH, mkubaliane ni nini kitatoka, kwa masharti gani, na faida ikipatikana itagawanywa vipi.

Uwanjani

Beba chupa safi zenye vifuniko vya kukaza, vijiko vilivyochemshwa, glovu, miwani ya kukinga macho, kipimajoto, kipima pH, refraktomita (kipima chumvi) na simu yenye GPS. Maji ya magadi huunguza ngozi na macho, na kingo za maziwa hayo zina tope linalomeza mguu hadi gotini. Usiende peke yako.

Pima joto, pH na chumvi papo hapo. Refraktomita nyingi za mkononi hufika mwisho wa mizani kabla ya maji haya kuisha, kwa hiyo zimua sampuli ndogo kwa maji safi kwa uwiano unaoujua, pima, kisha zidisha. Hiyo ya kuzimua ni ya kupima tu. Sampuli ya kuotesha isiguse maji baridi kabisa, hata ya kusuuzia chupa. Suuza kwa maji ya ziwa lenyewe.

Chukua maji, tope, na ukoko wa chumvi kila kimoja kwenye chombo chake. Kila kimoja kina wakazi tofauti. Jaza chupa kiasi, uifunike, uiweke kivulini ndani ya kisanduku. Hawa si viumbe wa kuharibika kwa safari ya siku moja au mbili. Andika tarehe, saa, viwianishi vya GPS, kina, rangi ya maji, na hali ya hewa ya siku zilizotangulia, maana mvua moja kubwa inaweza kubadilisha chumvi ya Singidani. Taarifa hizi zitatakiwa kwenye maelezo rasmi ya spishi, na huwezi kuzirudia baadaye.

Midia: hapa tulia

Nusu ya kushindwa kote katika kazi hii hutokea kwenye midia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwa viumbe wa chumvi ya kawaida, kama wa kayabo, tengeneza kwanza maji ya chumvi mazito ya asilimia 30. Kwa lita moja weka kloridi ya sodiamu gramu 240, kloridi ya magnesiamu yenye maji gramu 30, salfeti ya magnesiamu yenye maji gramu 35, na kloridi ya potasiamu gramu 7. Rekebisha pH iwe 7.5 kwa bafa ya Tris, kisha ongeza kloridi ya kalsiamu kidogo, karibu nusu gramu, taratibu huku ukikoroga. Ukitaka midia ya asilimia 23 chukua mililita 767 za maji hayo, ongeza peptoni (protini iliyomeng'enywa) gramu 5 na dondoo ya hamira gramu 1, fikisha lita moja, na pH iwe 7.5. Kwa asilimia 18 chukua mililita 600, kwa asilimia 12 chukua 400. Kwa sahani, ongeza agari gramu 15 kwa lita. Agari huyeyuka kwa shida katika chumvi nyingi na huungua chini ya chombo, kwa hiyo chemsha polepole ukikoroga mpaka iwe angavu kabla ya kuiweka kwenye otoklevu.

Mambo matatu hayamo kwenye mapishi, lakini yanaweza kukuvunjia kazi. Kwanza, peptoni. Baadhi ya peptoni za kawaida za maabara zina chumvi za nyongo, na nyongo hupasua utando wa arkea wapenda chumvi. Sahani zako zitabaki tupu, nawe utadhani sampuli ilikufa. Jaribu chapa ya peptoni kwa streni unayoijua kabla ya kuitegemea. Pili, chumvi ya dukani yenye madini joto isitumike, tafuta kloridi ya sodiamu ya maabara. Tatu, kloridi ya magnesiamu hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya ufukweni kwetu ina unyevu. Mkebe uliofunguliwa miezi iliyopita si gramu 30 tena hata mizani ikisema hivyo. Funga mkebe vizuri au nunua mkebe mdogo.

Kwa maziwa ya magadi mapishi hubadilika. Magnesiamu na kalsiamu huganda zikikutana na kaboneti, kwa hiyo zipunguze sana. Weka kloridi ya sodiamu gramu 200 kwa lita, virutubisho vile vile, potasiamu kidogo, na kaboneti ya sodiamu gramu 10 hadi 20. Kaboneti iwekwe kwenye otoklevu peke yake, ichanganywe baada ya kupoa kiasi. Lenga pH ya 9.5 hadi 10, upime baada ya kuchanganya na tena baada ya siku chache, kwa sababu hewa ukaa huishusha.

Tengeneza pia midia yenye virutubisho vichache, sehemu ya kumi ya hivyo. Wakazi wengi wa maziwa ya chumvi hawapendi shibe. Haloquadratum walsbyi, kiumbe bapa wa mraba, alionekana kwa hadubini mwaka 1980 na Anthony Walsby katika maji ya chumvi ya Sinai, lakini hakuoteshwa mpaka mwaka 2004, na uvumilivu na midia hafifu vilichangia sana.

Kuotesha na kutakasa

Zimua sampuli kwa maji ya chumvi ya kiwango kilekile cha midia, si maji safi, kwa hatua za mara kumi. Panda mikrolita 100 kwenye kila sahani. Weka nyingine zenye ampisilini, mikrogramu 100 kwa mililita. Arkea hawana ukuta wa peptidoglaikani, hivyo ampisilini haiwagusi, lakini bakteria wengi watazuiwa. Na uache sahani moja isiyopandwa kitu, pamoja na moja iliyopandwa maji yako ya kuzimulia. Zikiota, chumvi yako mwenyewe ndiyo iliyoleta mgeni.

Weka sahani ndani ya mfuko wa plastiki, joto la nyuzi 37 hadi 40. Kagua baada ya wiki moja, lakini usitupe kitu kabla ya wiki sita hadi nane. Wanaotokea kwanza ni wale wanaokua haraka na ambao kila mtu ameshawaeleza. Wageni wa kweli mara nyingi ni vidoa vidogo vinavyochelewa. Weka alama kila koloni kwa tarehe iliyoonekana.

Takasa kwa kuchora (kusambaza koloni moja kwa mistari kwenye sahani mpya) na kuchora tena, mara tatu au zaidi, mpaka sahani nzima iwe ya umbo na rangi moja. Kuna arkea wanaoshikana na jirani kiasi kwamba kalcha (kile ulichootesha) inaonekana safi chini ya macho huku ndani wako wawili. Jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, itakuumbua baadaye, kwa hiyo bora ugundue sasa kwa hadubini.

Hifadhi mara tu ikiwa safi. Gliseroli ya asilimia 20 iliyochanganywa kwenye maji ya chumvi, si maji safi, kisha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme hukatika, kwa hiyo weka pia akiba isiyotegemea umeme: acha kalcha ikauke polepole ndani ya chumvi safi iliyopitia otoklevu, ifunge, iweke kabatini. Fuwele hizo ni ghala la asili la viumbe hawa.

Mchujo wa kwanza

Tazama seli zikiwa hai ndani ya maji yao ya chumvi, kwa hadubini ya tofauti ya awamu ukiwa nayo. Andika umbo, ukubwa, kama zinaogelea. Kisha ongeza maji safi pembeni ya kioo uangalie. Seli za arkea wengi hugeuka duara, kisha hupasuka. Halococcus ni ubaguzi, ukuta wake ni mgumu na huvumilia. Andika ni chumvi kiasi gani cha chini kabisa kinachozuia kupasuka. Takwimu hii huingia kwenye maelezo rasmi.

Rangi ya Gramu ya kawaida haifai hapa, kwani kuosha kwa maji kutaziharibu seli. Tumia mbinu ya Dussault ya mwaka 1955: fiksi kwa asidi ya asetiki ya asilimia 2, ambayo hushikiza seli na kuondoa chumvi kwa pamoja, ndipo upake rangi.

Ongeza jaribio la viuavijasumu. Arkea hawa hustahimili penisilini na ampisilini, lakini huzuiwa na novobiosini na basitrasini. Kwa siku chache umeshajua uko tawi gani la uhai, na hujatumia senti kwenye kusoma DNA.

Jeni ya 16S, na mtego wake

DNA ya arkea wapenda chumvi ni rahisi kuitoa, maana maji safi peke yake huzipasua seli. Safisha, kisha zalisha jeni ya 16S, ambayo arkea na bakteria wote wanayo na hutumika kupima ukoo, kwa PCR ukitumia praima za arkea, kama 21F na 1492R, au za bakteria kama mchujo ulikupeleka huko. Soma mfuatano wote, karibu besi 1,400, si kipande. Linganisha kwenye hifadhidata inayokuruhusu kulinganisha na streni za kielelezo peke yake, mfano EzBioCloud. Hifadhidata ya jumla itakupa majina ya vijiumbe visivyoelezwa rasmi, na hayo hayana uzito.

Mfanano ukiwa chini ya asilimia 98.65 na jamaa wa karibu kabisa, una sababu nzuri ya kushuku spishi mpya. Ukiwa karibu asilimia 94.5 au chini, fikiria hata jenasi mpya. Lakini baadhi ya Halobacteria wana nakala kadhaa za 16S zisizofanana. Haloarcula marismortui ndani ya seli moja ana nakala zinazopishana kwa takriban asilimia 5. Ukisoma nakala moja ukailinganisha na nakala nyingine ya jamaa, utatangaza spishi ambayo haipo. Soma pia jeni ya rpoB', ambayo huwa nakala moja, na usubiri jenomu kabla ya kusema neno.

Waite jamaa waje Mwanza

Sasa una majina ya jamaa wawili au watatu wa karibu. Agiza streni zao za kielelezo kutoka benki kama DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani au CECT ya Hispania. Ni gharama, na forodha inahitaji barua, lakini usinakili takwimu zao kutoka makala za zamani. Zilipatikana kwa peptoni nyingine, joto lingine na macho mengine. Agiza mapema wakati bado unatakasa, maana kusubiri ni kirefu. Chuo kikishindwa kugharimia zote, bora jamaa mmoja wa karibu kabisa aliyeoteshwa vizuri kuliko jedwali refu la takwimu za kuazima.

Vilevile tafuta ndugu wa streni yako kwenye sampuli zile zile. Maelezo yenye streni tatu za spishi moja yana nguvu kuliko ya streni moja, kwa kuwa yanaonyesha kipi ni tabia ya spishi na kipi ni tabia ya mtu mmoja.

Tabia za kiumbe

Kwa kila streni, yako na jamaa, pima kwa marudio matatu. Chumvi kutoka 0 hadi asilimia 30, kwa hatua ndogo. Magnesiamu, kwani wengine huidai na wengine hapana. pH kwa bafa zinazofaa kila kiwango. Joto kutoka nyuzi 15 hadi 60. Fuata ukuaji kwa kupima jinsi kalcha inavyozuia mwanga wa nanomita 600 na chora grafu, usiandike "huota" au "haioti" tu. Unatafuta kiwango cha chini, cha juu na kinachopendwa.

Kisha katalasi na oksidasi, kumeng'enya wanga, jelatini, kaseini na Tween 80, indoli, kutoa salfidi hidrojeni, ukuaji bila oksijeni ukiongeza nitrati, arginini au DMSO, na vyanzo vya kaboni, sukari, asidi ogani na asidi amino. Kamati ya taksonomia ya kundi hili ilipendekeza viwango vya chini vya maelezo tangu mwaka 1997. Tafuta toleo jipya zaidi la viwango hivyo, uyabandike ukutani, uyafuate mstari kwa mstari.

Lipidi ndizo zitakazokutoa nje ya maabara yako. Arkea wana lipidi za etha, zenye minyororo ya kaboni 20, na mara nyingine 25 kwa wale wa magadi. Lipidi polari huchorwa kwa kromatografia ya tabaka jembamba ya pande mbili, na uwepo au ukosefu wa glaikolipidi husaidia kutofautisha jenasi. Wa magadi kwa kawaida huwa nazo kidogo au hawana. Mbinu yenyewe si ya gharama kubwa, inahitaji sahani za silika, vimumunyisho na chemba ya kutolea hewa, lakini uendeshe sampuli yako na ya jamaa siku moja. Kwa bakteria, badala yake pima asidi za mafuta na kwinoni.

Jenomu huamua

Tuma DNA isomwe kwa wingi usiopungua mara 50 ya jenomu. Nayo DNA ikitoka nje ya nchi iandamane na mkataba. Matokeo yakirudi, kagua uchafuzi kwa programu kama CheckM. Hapa ndipo kalcha ya wawili hujulikana.

Linganisha jenomu yako na za jamaa kwa vipimo viwili. Wastani wa ufanano wa nukleotidi, ANI, mpaka wake ni asilimia 95 hadi 96. Mchanganyiko wa DNA wa kidijitali, dDDH, mpaka wake ni asilimia 70. Chini ya hapo ni spishi tofauti. Mfumo wa TYGS wa DSMZ hufanya hesabu bure na kuchora mti. Chora pia mti wa jeni nyingi za pamoja, si wa 16S peke yake.

Vipimo vikipingana, mfano ANI 95.8 na dDDH 66, usichague kinachokupendeza. Rudi kwenye tabia na lipidi, ongeza jamaa, na kama bado ni nusunusu eleza kiumbe bila kumpa jina jipya. Fasihi ya kundi hili imejaa majina yaliyotolewa kwa pupa na kufutwa baadaye.

Jina, benki na chapisho

Jina ni la Kilatini au lililofanywa la Kilatini, na kivumishi hufuata jinsia ya jenasi. Spishi ya Mwanza ndani ya Halomonas ingeishia na -ensis, ndani ya Halorubrum ingeishia na -ense. Kagua LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya prokarioti, kuhakikisha halijatumika. Usijipe jina lako. Kuhusu mahali, taja alikotoka kweli: kama gunia lilitoka Uvinza na samaki alikolezwa Kirumba, na kiumbe amepatikana kwenye chumvi yenyewe, basi Uvinza ndiyo inayostahili.

Peleka streni kwenye benki mbili za nchi mbili, upate vyeti vinavyothibitisha kwamba wameipokea, imeota na inapatikana. Benki hukataa kalcha wasiyoweza kuiotesha, kwa hiyo tuma na mapishi kamili ya midia. Weka nakala nyingine kwenye friza ya taasisi ya hapa nchini, yenye msimamizi anayejulikana, si kwenye friza ya mradi unaoisha. Tangu mwaka 2022 kuna pia mfumo wa SeqCode unaokubali jenomu iwe kielelezo pasipo kalcha hai. Ni msaada kwa wasiooteka, lakini kama wako anaota, mpeleke benki. Kalcha hai ndiyo itakayomruhusu mwanafunzi wa Bugando au wa Dar es Salaam kuagiza kiumbe wako na kukukosoa.

Chapisho hupelekwa kwenye jarida la kimataifa la mikrobiolojia ya utaratibu na mageuzi, linalojulikana kwa ufupi kama IJSEM. Ukichapisha kwingine, peleka kwao nakala na vyeti vya benki ili jina liingizwe kwenye orodha ya uhalalishaji, la sivyo halitakuwa na hadhi. Maelezo rasmi yawe na asili ya jina, umbo, viwango vyote, lipidi, kiasi cha G na C (besi mbili za DNA) kutoka kwenye jenomu, namba za benki, namba za GenBank (hifadhidata ya mifuatano ya DNA) za 16S na jenomu, na viwianishi vya mahali.

Jina likishakubaliwa, ingia GenBank ubadilishe maingizo yote yaliyoandikwa kwa namba ya streni yawe na jina jipya, kisha wajulishe wasimamizi wa benki zote mbili wafanye hivyo kwenye orodha zao, na upeleke nakala ya chapisho COSTECH, kwenye ofisi ya wilaya na kwa uongozi wa soko au kijiji ulikochukua sampuli, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ulichokipata.